Mzizi mmoja wa mtama si ushahidi wa mbegu feki

Mhariri,

Mbukwa, kwa salamu ya Kigogo. Naandika kujibu barua ya msomaji wenu wa Kongwa mliyoichapa wiki iliyopita, ile yenye malalamiko kuhusu mbegu za mtama. Msomaji alieleza kwamba alipanda mvua za kwanza ziliposhika, mtama ukaota vizuri, kisha jua la Januari lilipokaza miche ikaanza kusinyaa. Aling'oa michache akaikuta ina mzizi mmoja mmoja, tena mwembamba, ilhali mahindi ya jirani yake yaliyopandwa siku hiyohiyo yana mizizi minne au mitano. Akaamua kwamba ameuziwa mbegu feki. Akawashauri wakulima wote wa Dodoma wang'oe miche yao na kuikagua, na atakayekuta mzizi mmoja apande upya.

Hasara yake inaniuma, maana najua bei ya mbegu na najua gharama ya vibarua wa kupanda. Lakini ushauri wake siwezi kuuacha upite, kwa sababu kuna watu wataufuata mwezi huuhuu. Nimefundisha baiolojia shule za sekondari wilayani Chamwino hadi nilipostaafu, na mtama naulima mwenyewe hapa Handali. Mche mchanga wa mtama unatakiwa uwe na mzizi mmoja. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa ndani ya punje, wakati suke bado liko shambani na punje bado ina maziwa.

Naomba nafasi nieleze, maana jambo lenyewe ni zuri na linatuhusu sisi wa ukanda huu mkavu kuliko watu wa Mbeya au Kagera.

Ua la mtama likishapata chavua, yai lililorutubishwa ni seli moja tu. Seli hiyo hugawanyika mara ya kwanza, na katika mgawanyiko huo juu na chini ya mmea vinaanza kutengana. Seli ya juu huwa ndogo na seli ya chini huwa kubwa. Ile ndogo ya juu ndiyo itakayotoa sehemu kubwa ya kiinitete, yaani mche mzima katika umbo dogo sana. Ile ya chini hutengeneza kikonyo cha muda kinachokishikilia na kukilisha kiinitete, kisha hunyauka. Seli zinaendelea kugawanyika, na kila kundi linashika kazi yake kulingana na mahali lilipo na kemikali zinazopita kati ya seli na seli. Kemikali iliyo kuu kati ya hizo ni auksini. Inakojikusanya ndiko sehemu mpya inakoanzishwa. Mwisho wa kazi hiyo kiinitete kina ncha mbili zenye seli za kukua: moja itatoa majani na shina, nyingine itatoa mzizi. Kisha punje inakauka na kila kitu kinasimama, kikisubiri maji.

Sasa hapa ndipo mahindi na mtama vinapoachana. Kiinitete cha mhindi, mbali na mzizi mkuu, kwa kawaida huwa kimeshaandaa na mizizi mingine ya pembeni ikiwa bado ndani ya punje. Kwa hiyo mhindi ukiota, ndani ya siku chache unaona mizizi kadhaa imetawanyika kutoka kwenye punje. Kiinitete cha mtama hakina hiyo mizizi ya ziada. Kina mzizi mmoja, basi. Uwele nao ni hivyohivyo. Hata ukachukua mbegu ya kienyeji ya lugugu ambayo bibi yako alikuwa akiihifadhi juu ya moshi wa jiko, au aina za kisasa kama Macia iliyothibitishwa, au Tegemeo, utakuta mzizi ni uleule mmoja. Mkulima aliyezoea mahindi ya Kibaigwa akihamia kwenye mtama ni rahisi sana ashtuke, na simlaumu kwa kushtuka.

Tena huo mmoja si mnyonge kama unavyoonekana ukiwa kiganjani. Ncha yake imefunikwa kofia ya seli zinazotoa ute wa kulainisha njia. Nyuma ya kofia ndipo seli zinapogawanyika, na nyuma kidogo ya hapo ndipo zinaporefuka, na urefukaji huo ndio unaoisukuma ncha kwenda chini. Vinyweleo vya kunyonya maji huota juu zaidi, pale ambapo seli zimeshamaliza kurefuka. Vingekuwa kwenye ncha vingekatika vyote kwa kusuguana na mchanga. Baadaye mzizi huo hutoa matawi, na matawi hayo hayaanzii kwenye ngozi ya nje kama tawi la mti. Yanaanzia ndani kabisa, jirani na mirija ya maji, kisha yanaipasua ngozi na kutokeza. Ukiung'oa mche kwa mkono, ncha, vinyweleo na karibu matawi yote hubaki udongoni. Unachokiangalia ni uzi mtupu. Anayetaka kuujua mzizi na achimbe kwa jembe pembeni, kina cha kiwiko, auzamishe udongo ule kwenye ndoo ya maji, na udongo uachie wenyewe.

Kuna kitu kingine ambacho msomaji wetu alikitaja bila kukijua. Aliandika kwamba kati ya ganda la punje na majani kulikuwa na “mzizi mweupe mrefu usio na vinyweleo wala matawi”. Ule si mzizi. Ni kipande cha shina. Wataalamu wanakiita mesokotili, nacho kinatokana na kiinitete. Kazi yake ni kuusukuma mche juu kutoka pale punje ilipofukiwa. Mbele yake ipo ala iliyochongoka, koleoptili, inayoyafunika majani machanga ili yasichanike yanapopenya udongo. Mesokotili inarefuka gizani. Ala ikishachungulia nje na kupata mwanga, taarifa inashuka, mesokotili inaacha kurefuka, na ala inapasuka majani yatoke. Ukipanda juujuu, mesokotili inakuwa fupi hata huioni. Ukipanda chini sana, inakuwa ndefu kama aliyoiona msomaji. Kwa hiyo kilichopimwa pale Kongwa ni kina cha kupandia, na ubora wa mbegu haukuhusika.

Ombi langu kwa kila mkulima ni kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu lina mtego ambao huwapata hata wazoefu. Watu wengi huku kwetu hufukia mtama chini sana wakiamini kwamba mizizi itaanzia chini kwenye unyevu. Kwa ule mzizi wa kwanza ni kweli. Lakini mzizi wa kwanza sio utakaoushika mtama hadi mavuno. Mche ukifikisha majani matatu hadi matano, yaani kama wiki ya pili au ya tatu tangu kuchomoza, inaanza kutoka mizizi ya pili, ile minene, kutoka kwenye vifundo vya chini vya shina. Hiyo haikuandaliwa ndani ya punje kama ule wa kwanza. Inaundwa upya na seli za shina. Ndiyo itakayobeba mmea mzima na suke lake. Na vifundo hivyo viko wapi? Viko juu ya mesokotili, sentimita mbili au tatu tu chini ya uso wa ardhi. Ufukie punje sentimita tatu au ufukie nane, mesokotili itarefuka na kuvipandisha vifundo karibu palepale. Kina cha kupandia hakiishushi mizizi ya pili.

Kwa hiyo mvua ikikatika wiki ya pili au ya tatu, kama inavyokatika mara nyingi hapa kwetu Januari na Februari, sentimita chache za juu zinakauka kabla ya udongo wa chini. Mizizi ya pili inachungulia kama vinundu vyeupe kwenye kifundo, inakutana na udongo mkavu na wa moto, inasimama. Mche unabaki unategemea mzizi mmoja wa utotoni wakati majani yameshaongezeka. Unasinyaa mchana ingawa chini kuna unyevu. Upepo ukija wa nguvu, unayumba na hata kulala. Huo ndio ugonjwa wa shamba la msomaji wetu, kwa jinsi alivyolieleza. Mahindi ya jirani yalionekana na nafuu kwa sababu yalizaliwa na mizizi mingi, lakini nayo yana mizizi ya pili inayohitaji udongo wa juu wenye unyevu. Jua likiendelea, mahindi ndiyo yatakayoshindwa kwanza. Mtama una uwezo wa kusimamisha ukuaji, ukakunja majani na kungoja, halafu mvua ikirudi ukaendelea.

Ukiufukia chini kupita kiasi kuna hatari nyingine. Mesokotili ina mwisho wa kurefuka, na kila sentimita inayoongezeka inakula akiba ya punje, nayo punje ya mtama ni ndogo. Mche ukiishiwa kabla ya kufika juu, ala inapasuka ndani ya udongo na majani yanajikunja humohumo. Mkulima anafukua anakuta kitu cha njano kimejisokota, anasema mbegu mbovu. Sentimita tatu hadi tano zinatosha kwenye udongo wetu mwekundu wa kichanga. Kwenye mbuga ya udongo mweusi wa mfinyanzi usizidishe hapo.

Tukiwa hapo kwenye udongo, niseme na habari ya ukoko, maana wanaochanganya mtama na kunde au alizeti watakuwa wameona tofauti. Mvua kubwa ikipiga kisha jua likawaka siku mbili, uso wa shamba unaganda. Mtama unatoboa kwa ile ala yenye ncha. Kunde haina ala. Kunde huja juu kwa sehemu ya shina iliyo chini ya kotiledoni (majani ya mbegu), iitwayo haipokotili, ambayo hujipinda kama ndoano na kuvuta kotiledoni na kichipukizi nyuma yake ili kichipukizi kisikwaruzwe. Ni mpango mzuri kwenye udongo laini, lakini chini ya ukoko mgumu ndoano hiyo hukatika shingo. Na ikikatika chini ya kotiledoni, kunde imekufa, kwa sababu hapo chini hakuna chipukizi jingine la kuanza upya. Watu wa Kongwa wanaufahamu ugumu wa ardhi yao kuliko mimi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza huko mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulikuwa na matrekta na fedha nyingi, na bado udongo uliokuwa ukikauka na kuwa mgumu ulikuwa mmoja wa maadui wake wakubwa. Ukoko unavunjwa mapema, asubuhi, kwa reki au tawi la miiba linaloburutwa taratibu, kabla miche haijafika juu. Wazee wangu walifanya hivyo na mimi nafanya.

Na mbuzi? Msomaji alitaja pia kwamba mbuzi waliingia. Mtama mchanga ukiliwa majani usiukatie tamaa. Katika mwezi wa kwanza ncha yake ya kukua, ile ile iliyotengenezwa kwenye kiinitete, bado iko chini ya ardhi au usawa wake, imezungukwa na mikunjo ya majani. Mbuzi anakula majani, ncha inabaki, na majani mapya yanatoka. Kunde na alizeti ni kinyume, ncha zao ziko juu hewani tangu siku ya kuchomoza. Ila nawaomba wafugaji wasichukue maneno haya kuwa kibali. Mtama mchanga, hasa uliosinyaa kwa jua au unaochipua upya, una sumu ya sianidi inayoweza kumuua mbuzi au ng'ombe.

Mhariri, kuna suala la shule ambalo siwezi kulinyamazia. Watoto wetu wanajifunza kuota kwa mbegu kwa kuchora harage ubaoni, na wakiendelea sana wanachora punje ya mhindi. Wanaandika kwamba mbegu za kundi fulani zina mzizi mkuu na za kundi lingine zina mizizi nyuzi, wanafaulu mtihani, wanarudi nyumbani kwenye mashamba ya mtama na uwele ambayo hayajawahi kutajwa darasani. Mtoto wa Mvumi au wa Bahi angepaswa kuona kwa macho yake mtama unavyoanza na mzizi mmoja na unavyopata mizizi nyuzi baadaye kutoka kwenye shina. Maabara haihitajiki. Chukua chupa pana ya kioo, izungushie ndani karatasi iliyoloweshwa, hata gazeti lenu hili linafaa, pachika punje za mtama kati ya karatasi na kioo, weka maji kidogo chini, funika chupa kwa kitambaa cheusi. Kwanza utaona ala ya mzizi ikitokeza kama nundu jeupe, kisha mzizi unaipasua na kushuka. Pachika na kunde pembeni ili waone ndoano.

Mizizi ikishashuka, laza chupa ubavu. Kesho yake kila ncha imepinda kuelekea chini tena. Ndani ya kofia ya mzizi kuna seli zenye chembe nzito za wanga, na chupa ikilazwa chembe hizo huanguka upande uliogeuka kuwa chini. Auksini inahamia upande huo, seli za upande wa chini zinapunguza kurefuka, za upande wa juu zinaendelea, mzizi unapinda. Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 kwamba mzizi ukikatwa ncha unapoteza uwezo huo wa kuitambua njia ya chini, ingawa unaendelea kurefuka kwa muda. Wanafunzi wangu walikuwa wakikata ncha za baadhi ya mizizi kwa wembe na kuacha mingine, kisha tukalaza chupa pamoja. Kila mwaka darasa lilikuwa linapiga kelele ya furaha, na wapo waliokwenda kufukua mashamba ya wazazi wao bila kuagizwa.

Sitaki nieleweke kwamba mbegu feki hazipo. Zipo, na waliouza nafaka ya kula iliyopakwa rangi wamewaumiza watu wengi. Lakini zikaguliwe kwa njia inayoonyesha ukweli. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ihakiki kabla hujatoka dukani, na tunza risiti na pakiti yenyewe. Wiki mbili kabla ya kupanda hesabu punje 100, zipange kwenye karatasi iliyolowa, ikunje kwa kulegeza, iweke mahali pa joto na usiiache ikauke. Baada ya siku saba au nane hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi vyenye afya. Zikiwa 80 na zaidi, panda. Zikiwa 40, rudi dukani na karatasi yako mkononi, hapo una ushahidi. Idadi ya mizizi katika kila mche haikuambii lolote kuhusu ufeki.

Kwa msomaji wa Kongwa na wote ambao mtama wao unasinyaa wiki hii, nasema hivi: msipande upya kabla hamjachimba. Macia huchukua kama miezi mitatu na nusu kukomaa na mvua zetu huisha Aprili, kwa hiyo anayeng'oa sasa anautupa muda ambao hatautapata tena. Chimba miche mitano katika sehemu tofauti za shamba. Tazama kifundo kilicho juu ya kile kipande cheupe. Kama kuna vinundu vyeupe, au mizizi mifupi minene iliyosimama, na ndani ya mche katikati bado ni kibichi na kigumu, mtama wako uko hai. Palilia sasa, kwa sababu magugu ndiyo yanayomaliza unyevu wa juu, na usichimbue kwa nguvu karibu na shina. Punguza miche iliyosongamana. Mvua itakaponyesha, hata ikiwa ndogo, nenda asubuhi yake uvute udongo wenye unyevu kuzunguka kila shina ufunike vifundo, na ufunge matuta ili maji yasikimbie. Kagua tena baada ya wiki moja. Mizizi ikiwa imeshaingia udongoni, achana na wazo la kupanda upya. Kama katikati ya mche kumelainika na kunanuka, au ukiuvuta moyo wa majani unatoka mzima na kuoza chini, hapo mche huo umekufa na pengo lake lijazwe.

Nawe Mhariri, nakuomba barua hii itoke toleo lijalo na si mwezi ujao, kwa sababu miche yenyewe iko wiki ya tatu.

Mwalimu mstaafu,
Handali, Chamwino, Dodoma.
(Jina na namba ya simu nimewapa kwa kumbukumbu za ofisi.)